Dakika Alizopewa Leota Fenner

Miaka ile ungeuliza Santa Oriela ni nani anayependwa kuliko wote mjini, ungetajiwa Dewey Fenner, na ungetajiwa kwa sauti ya kujipongeza, kana kwamba kumpenda Dewey ni kazi ngumu ambayo mtu ameifanya vizuri. Dewey alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mvi zimemjaa kando ya masikio, lakini akili yake ilisimama pale inaposimama ya mtoto wa darasa la pili na haikusogea tena. Kazi yake ilikuwa kukusanya matoroli ya wateja nje ya duka la Halloran na kuyarudisha mlangoni yakiwa mstari mmoja. Alivaa aproni ya kijani yenye jina lake kifuani. Alimsalimu kila mtu na kumuulizia mbwa wake, na mbwa aliyekwisha kufa alimuulizia vilevile. Watu walicheka, wakampigapiga begani, wakaondoka na magari yao wakijiona wema.

Aliyeifua ile aproni na kuipiga pasi alikuwa dada yake, Leota, ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye sana. Leota alipika jikoni mwa shule ya msingi ya pale mpaka akastaafu, na nusu ya watu wazima wa mji walikula makaroni yake wakiwa watoto na hawakumkumbuka. Hakuolewa. Mama yao alipolala kitandani kwa mara ya mwisho hakumwachia pete wala vyombo, alimwachia Dewey. Alimwambia asimpeleke kwenye nyumba za kulelea watu, na Leota akaahidi, na tangu siku hiyo maisha yake yote aliyapima kwa ahadi hiyo.

Walipanga nyumba kwa mzee Kasparian, Muarmenia aliyekuwa na vijumba sita vilivyouzunguka ua mmoja, vya zamani, vya mbao, vyenye vibaraza vya kukaa mtu na kiti chake. Mzee alikuwa hapandishi kodi. Alisema kupandisha kodi kunamletea kiungulia. Kutoka pale mpaka dukani kwa Halloran palikuwa na kona mbili na taa moja ya barabarani, na Dewey alikwenda peke yake na kurudi peke yake. Hilo ndilo lililokuwa kubwa. Nje ya njia ile hakuweza. Mwaka mmoja duka lilipobomoa mlango wa mbele na kuwapitisha wateja ubavuni, Dewey alisimama mbele ya mbao zilizoziba mlango tangu asubuhi hadi jioni akingoja zifunguliwe. Hakula. Alijikojolea kwa kuogopa kuondoka. Leota alihangaika wiki nyingi kumzoesha ubavuni, na mlango ulipokwisha, wiki nyingine nyingi kumrudisha mbele. Basi alijua kabisa kwamba siku watakapohamishwa, Dewey hatakuwa na pa kusimama duniani.

Sasa, watu wa California wana ugomvi ambao mgeni huuona wa ajabu mpaka auzoee. Hawagombani sana juu ya dini, wanagombana juu ya ghorofa. Kila kimji kina sheria zake za nini kijengwe wapi, na sheria za Santa Oriela zilisema karibu kila mahali nyumba moja kwenye kiwanja kimoja, na bustani mbele. Ilikuwa hivyo tangu enzi za babu zao. Matokeo yake ni kwamba watoto wao wenyewe walishindwa kupanga pale walipozaliwa, walimu walikuja kazini kutoka mbali, na watu walilala ndani ya magari ufukweni. Serikali ya jimbo, kutoka Sacramento, ikaamrisha kila mji uandike mpango wa makazi mapya na kuupitisha kabla ya tarehe fulani. Mji usiopitisha mpango wa maana utapoteza haki ya kumkatalia mjenzi. Amri ilikuwa wazi. Lakini watu wa Santa Oriela walisoma neno moja tu, kuamrishwa, na damu ikawachemka.

Ofisi ya mji ilitoa mpango ambao, ukiutazama leo, ulikuwa mpole kama maziwa. Ulitaka kujenga juu ya maegesho ya kituo cha treni, pale magari ya wasafiri yanaposhinda juani, ghorofa nne, na vyumba vya chini viwe vya wazee na walemavu wa mji huo huo. Kama desturi ya huko, kabla ya kura wakasimamisha nguzo kwenye kiwanja na kuzifunga wavu wa rangi ya chungwa, ili kila mpita njia aone jengo litafika wapi angani. Wavu ule ulifanya kazi ambayo hotuba mia zisingeifanya. Watu waliokuwa hawajali wakajali. Zikatokea fulana za njano zenye maneno "Mji Wetu, Uamuzi Wetu", na mwenye fulana wa kwanza alikuwa Bwana Garrett Whitcombe, mwanasheria mstaafu aliyekuwa na nyumba mlimani yenye kutazama bahari.

Whitcombe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alikuwa na sauti nzuri na subira, na aliwahi kumrudisha Dewey nyumbani kwa gari lake siku ya mvua. Siku moja alikuja uani kwa Kasparian na sahani ya keki za ndimu zilizookwa na mkewe, akaketi kwenye meza ya jikoni ya Leota, akakunja miguu yake mirefu chini ya meza ile ndogo. Alimwambia kwamba wao wenye nyumba za mlimani wakisema, jimbo linawacheka, linawaita mabwanyenye. Lakini Leota akisema, nani atamcheka? Alimwita moyo wa mji. Alimwambia hakuna anayeijua Santa Oriela kuliko yeye.

Kilemba kile cha ukoka kilimkaa Leota vizuri kichwani. Maisha yake yote hakuna mtu wa mlimani aliyewahi kuketi jikoni kwake. Alijua anapakwa mafuta, hakuwa mjinga, lakini mafuta yalikuwa mazuri na ngozi ilikuwa kavu.

Diwani Inez Sandoval alikuja pia, wiki hiyo hiyo, bila keki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, aliyehamia kutoka Los Angeles, na kwenye baraza la watu watano kura yake ndiyo iliyokuwa haijulikani: wawili walikuwa wanataka mpango, wawili hawataki. Alisema yeye anaelekea kuukubali. Akamweleza Leota habari za vile vyumba vya chini. Akamwambia nyumba za Kasparian ni za mbao na mzee hatadumu milele, na kwamba watu kama Dewey ndio waliofikiriwa.

Leota alimuuliza Whitcombe kama ni kweli. Whitcombe akatabasamu kwa huzuni.

"Bi Leota, hicho ni chambo," akasema. "Vyumba hivyo vitagawanywa na Sacramento kwa watu wa Sacramento. Unadhani kuna mtu kule anamjua Dewey wetu?"

Ilikuwa uongo, ingawa nadhani mwenyewe aliuamini. Leota naye akauamini, kwa sababu wa mlimani alikuwa amempa Dewey lifti na wa Los Angeles alikuwa na haraka.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa njano tupu. Kanuni ya baraza ilikuwa hivi: kila mwananchi ana dakika mbili kwenye kipaza sauti, na mbele yake kuna taa, ya kijani, ya njano, kisha nyekundu, na ikiwaka nyekundu unakatwa hata uwe katikati ya neno. Lakini aliyehudhuria anaweza kusimama na kumpa mwenzake dakika zake. Lilipoitwa jina la Leota, Whitcombe alisimama akasema anampa zake. Mkewe akasimama. Daktari wa meno akasimama, na mwenye duka la vitabu, na watu ambao Leota hakuwajua majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka meya akacheka na kusema mama huyu ana muda wa kutosha kutuhubiria. Leota alikwenda mbele amevaa gauni la kanisani na fulana ya njano juu yake. Halafu akasema, na siku hiyo alijua kusema.

"Nyote mnamjua ndugu yangu," alisema. "Kila asubuhi anatoka nyumbani peke yake. Wengine wenu mna watoto waliomaliza vyuo vikuu na hamjui furaha ninayoipata mimi kumwona mtu anafungua mlango na kwenda peke yake. Anapita kwa kinyozi, anangoja taa, anavuka, anapita kituoni, anafika. Njia ile ndiyo akili yake. Mkileta matingatinga pale, na mabati, na watu wasiomjua, mmempokonya akili yake. Sacramento hawamjui Dewey. Nyinyi mnamjua. Kwa hiyo amueni nyinyi."

Aliendelea muda mrefu. Alisimulia habari za mlango wa duka, hata za kujikojolea alizisimulia, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Watu walilia. Dewey mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mbele, fulana ya njano imemwishia magotini, na kila alipotajwa aliinua mkono kuitika. Zamu ya kura ilipofika, Diwani Inez Sandoval alikuwa amejifuta macho mpaka wanja umemchafua. Alisema hawezi kumtazama Bi Leota usoni kisha apige kura ya ndiyo. Mpango ukaanguka kwa kura tatu dhidi ya mbili, na ukumbi ukasimama ukampigia makofi mpishi wa shule.

Walimpeleka mlimani kwa Whitcombe kusherehekea. Alipewa mvinyo wa mapovu kwenye glasi nyembamba, akaogopa kuivunja. Dewey aliuliza hali ya mbwa wa kila mtu. Leota alitazama chini, zile taa za mji, na kwa mara ya kwanza akajisikia ni mwenyeji.

Baada ya hapo, kwa kuwa jimbo lilitaka mpango, baraza likatuma mpango. Humo waliandika nyumba zijengwe juu ya paa la kituo cha zimamoto. Walipanga nyingine kwenye ukingo wa makaburi, na nyingine kwenye mtaro wa maji ya mvua. Watu walichekeana kwenye mkahawa kwa namna walivyowaweza Sacramento. Sacramento hawakucheka. Waliurudisha mpango na tarehe ikapita, na kuanzia siku hiyo mjenzi yeyote, mradi atenge vyumba kadhaa vya bei nafuu, angeweza kuleta mchoro wake na Santa Oriela isingekuwa na mdomo wa kukataa.

Majira ya machipuko yaliyofuata mzee Kasparian akafa. Wanawe walikuwa wanaishi mbali, na kupandisha kodi hakukuwaletea kiungulia chochote. Waliuza ua mzima kwa kampuni ya ujenzi, na kampuni ikaleta mchoro wa ghorofa saba.

Leota aliamka asubuhi moja akakuta vijana wanasimamisha nguzo uani. Sheria haikuwalazimisha tena, lakini walifuata desturi, kwa adabu. Walifunga wavu wa chungwa juu kabisa, juu ya paa lake na kitanda chake, na upepo wa bahari ukawa unaupigapiga. Dewey alitoka na aproni yake akatazama juu.

"Dada," akasema, "nani anaanika nyavu?"

Leota akamwambia ni wavuvi. Alimtazama akienda zake mpaka akapinda kona, kisha akakaa kwenye ngazi ya kibaraza.

Alikwenda mlimani siku hiyo hiyo. Whitcombe alikuwa anapunguza ua wa miti, akavua glavu, akamshika mikono. Alikasirika kwelikweli. Alisema hayo ndiyo aliyoyatabiri, jimbo limevunja mlango, na kila Mkalifornia ajue. Alisema mikono ya mji imefungwa. Leota akamuuliza wao wa fulana za njano watafanya nini. Hapo Whitcombe akatazama mkasi wake. Kulikuwa na mradi mwingine, alisema, chini ya mlima, utakaoziba kabisa mandhari, na wakili amewashauri wasitapanye nguvu.

"Tukiushinda ule, tutakuwa tumekupigania na wewe," akasema. "Ni vita moja, Bi Leota."

Alimwuliza kama kuna nyumba ndogo ya uani anayoweza kupanga, maana wengi wa mlimani walikuwa nazo, zenye jiko na bafu. Whitcombe akasema ya kwao hufikia binti yao wakati wa Krismasi. Daktari wa meno, ya kwake alikuwa ameijaza baiskeli. Mwenye duka la vitabu alimkumbatia Leota na kulia naye, na la nyumba halikujibiwa.

Basi akapiga simu Sacramento. Alipokewa na msichana mwenye sauti ya upole, ambaye hakumcheka wala kumharakisha, akamfafanulia sheria kwa urefu. Sheria inamlinda, alisema. Kampuni inalazimika kumlipia kuhama, na jengo likikamilika ana haki ya kurudi, chumba kipya, kwa kodi anayoiweza.

"Litakamilika lini?" Leota akauliza.

"Kwa kawaida miaka mitatu, minne, mama."

"Na miaka minne hiyo ndugu yangu atakuwa wapi?"

Sauti ya msichana ilikuwa na aibu ya kweli. "Hilo haliko kwenye idara yetu, mama," akasema.

Ukitaka kumlaumu mtu hapo unakosa wa kumshika. Msichana yule alikuwa na orodha ya watu wanaolala kwenye magari, na kwa kila kijumba cha Kasparian kitakachovunjwa wangepata pa kulala ishirini. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Lilikuwa jema, na lilikuwa linamponda Dewey, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuyatazama yote mawili.

Leota alirudi ukumbini siku ya kikao cha mwezi uliofuata. Njano zilikuwepo, si haba, zimekuja kwa ajili ya mradi wa chini ya mlima uliokuwa baadaye kwenye ratiba. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amepanga kuanza na mama yao, kisha ahadi, kisha njia, kisha aombe angalau wajenzi wasubiri mpaka apate chumba mtaa huo huo. Jina lake lilipoitwa alisimama pale mbele akageuka kidogo, kama mtu anayeangalia saa ya ukutani, akiwapa watu nafasi. Whitcombe alikuwa anapanga makaratasi yake. Mkewe alimpungia mkono kwa upendo. Hakuna aliyesimama, kwa sababu kila mmoja alikuwa anazihitaji dakika zake.

Alianza na mama yao. Taa ilikuwa ya njano alipokuwa bado anasimulia mama alivyolala hospitalini, na nyekundu iliwaka kabla hajalitamka jina la Dewey. Meya alimshukuru. Alisema baraza linamhurumia sana lakini kisheria halina la kufanya, na akaita jina linalofuata.

Inez Sandoval alimfuata ukumbi wa nje, karibu na mashine ya maji. Alikuwa amekonda.

"Bi Leota, siji kukulaumu," akasema.

"Nilaumu tu."

"Sikulaumu. Kura ilikuwa yangu." Alikuwa anajaza maji kikombe ambacho hakuwa na haja nacho. "Ila nimekosa wa kumwambia hili. Kile cha maegesho ya kituo kilikuwa kimeshachorwa. Chumba cha chini, cha pembeni. Mlango wake ulikuwa unatazama duka la Halloran."

Leota aliuliza kama mpango ule hauwezi kufufuliwa. Inez akasema fedha zile za jimbo zimeshakwenda mji mwingine, ambao ulisema ndiyo, na shirika la treni limeshakikodisha kiwanja kwa wenye kuegesha mabasi. Leota akatikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kama aliyetajiwa bei ya kitu asichokuwa na nia ya kukinunua. Kisha akaenda nyumbani, na siku mbili hakupika. Alijua sasa kwamba hakuna mwingine aliyemfukuza Dewey. Jimbo lilisukuma na mji ukavuta, lakini maneno yaliyofunga ule mlango wa pembeni yalikuwa yake, na alikuwa ameyasema vizuri mpaka watu wakalia.

Santa Oriela hakukuwa na chumba cha mtu kama yeye. Walichokipata kilikuwa Bonde la Kati, mwendo wa nusu siku kwa gari, kwenye kimji cha mashamba ya lozi, juu ya duka la matairi. Joto la kule linapiga tangu asubuhi. Barabara ni pana, malori yanapita kasi, na pembeni hakuna njia ya miguu, kwa hiyo Dewey asingeweza kwenda peke yake hata kwenye sanduku la barua. Siku ya kuondoka, Halloran alimpa aproni mpya, na watu wa dukani walipiga naye picha. Dewey aliwaambia wote wataonana kesho.

Asubuhi ya kwanza Bondeni aliamka, akavaa aproni, akasimama mlangoni akingoja afunguliwe. Leota alikuwa na usingizi na ameshindwa, na likamtoka lile lililokuwa karibu.

"Leo Jumapili, Dewey," akasema. "Jumapili huendi kazini."

Dewey akafurahi. Jumapili ilikuwa siku ya chapati za maji na sharubati. Akavua aproni, akaila Jumapili yake. Kesho yake akasimama tena mlangoni, na Leota akamwambia tena. Alizunguka maduka yote ya kule na ndugu yake mkononi, na kila mahali walisema kwa upole kwamba hawana nafasi. Kila asubuhi alijiambia leo ataacha kudanganya. Kila asubuhi aliona ile aproni na uso ule unaongoja, akakaanga chapati. Wiki zikapita, kisha mwaka, yote ikiwa Jumapili. Dewey alinenepa, miguu ikamvimba, akaacha kuulizia mbwa kwa kuwa hakuna aliyepita na mbwa. Halafu ikaja asubuhi ambayo hakusimama mlangoni. Alibaki kwenye kochi, na Leota alipoingia, alimtangulia kusema mwenyewe, kwa sauti ya kumtuliza dada, kwamba leo ni Jumapili. Aproni ikabaki kwenye msumari.

Kampuni ilitimiza neno, hilo lisemwe. Mwaka wa nne msichana wa ofisi yao alipiga simu: jengo limekwisha, chumba kiko ghorofa ya tano, kodi ni ile ile anayoiweza, alichotakiwa ni kuitikia kabla ya mwisho wa mwezi. Leota alimpigia Halloran. Halloran alisema kwa Dewey nafasi ipo, hata kesho. Leota alikaa na simu mapajani, na akaruhusu furaha iingie, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Kisha akaenda kochini, akapiga magoti mbele ya ndugu yake.

"Tunarudi, Dewey," akasema. "Santa Oriela. Kwa Halloran. Matoroli yako yanakungoja."

Nywele za Dewey zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

"Leo Jumapili, dada."

"Si Jumapili, mpenzi. Leo Jumanne."

"Jumapili," akasema, na akampigapiga mkono, vile vile Leota alivyokuwa akimpigapiga yeye. "Huendi kazini. Tulia."

Alijaribu mwezi mzima. Aliacha kukaanga chapati. Alimtundikia aproni mbele ya macho, alimwonyesha picha ya duka, alimwimbia majina ya siku kama anavyoimbiwa mtoto. Alimwambia alikuwa anamdanganya, Jumapili zote zile zilikuwa uongo wa dada yake, na Dewey akalia, kwa sababu dada hadanganyi. Siku aliyomvuta kuelekea kwenye gari, Dewey alishika mguu wa kitanda akapiga kelele mpaka mafundi wa matairi wakapanda mbio ngazini wakidhani kuna anayeuawa. Walimkuta mzee mmoja sakafuni na mzee mwenzake amemshika kifundo cha mguu, wote wawili wanahema.

Msichana wa ofisi alipiga simu siku ya mwisho. Leota akamwambia chumba wampe mtu mwingine, kuna wengi wanalala kwenye magari. Msichana alisikitika, akaomba amwambie sababu, maana kuna mahali pa kuijaza. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na Dewey alikuwa kwenye kochi, mikono magotini, ametulia kama alivyofundishwa.

"Andika kwamba ndugu yangu hafanyi kazi Jumapili," akasema, akakata simu, akaenda kumkaangia chapati.